Arubuni Kwanza, Ghala Baadaye

Hotuba hii niliitoa Jumamosi katika mkutano wa mwaka wa chama chetu cha watu wa ununuzi na bohari, ukumbini Kariokor, Nairobi. Wengi wenu mlizuiwa na mvua, wengine na matatu, mmoja na harusi. Naiweka yote kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha. Hata siku yenyewe mashine ilizima mara mbili.

Mwenyekiti, wazee mliotutangulia katika kazi hii, mama zetu, na nyinyi vijana wa vyuo mliosimama nyuma kwa kukosa viti: hamjambo?

Hao ni wa mbele. Nyuma, hamjambo?

Sasa tumeamka.

Kabla sijataja risasi hata moja, nawauliza: hapa tulipo panaitwaje? Kariokor. Na jina hili limetoka wapi? Limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikikusanya katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ulimi wa mwenyeji ukalikataa jina lile, likawa Kariokor. Dar es Salaam wakaliita Kariakoo. Watu wale walibeba nini? Walibeba unga, walibeba wagonjwa, walibeba masanduku ya risasi, kichwani, kwa miguu, kutoka huku hadi ndani ya Tanganyika. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa, si na adui. Ukipita Kenyatta Avenue utaona sanamu yao. Maandishi ya pale yanawaita miguu na mikono ya jeshi.

Sisi watu wa bohari ni wajukuu wa wale. Gwaride likipita watu humshangilia askari. Nani amewahi kumshangilia mtu aliyeagiza risasi iliyo kwenye bunduki ya askari huyo, miaka minne kabla?

Neno langu leo ni moja. Ghala la risasi halijengwi kwa kununua. Linajengwa kwa ahadi: ahadi kati ya serikali na mwenye kiwanda, ahadi ya miaka, ahadi iliyowekewa arubuni. Mataifa yenye pesa kuliko sisi yalilisahau hilo, na bado yanalilipia.

Twende Kamukunji kidogo. Kutoka hapa ni kwa miguu tu, na utaisikia kabla hujaiona: ko, ko, ko, ko. Pale nina fundi wangu wa masanduku. Mnayajua masanduku ninayosema. Bati jembamba, pembe zimevikwa chuma, komeo la kufuli, jina la mtoto kwa rangi nyeupe. Kila mtoto wa bweni katika nchi hii ameliburuta moja. Fundi huyu alikuwa na vijana watano. Mwezi wa tisa anaanza kununua bati, kwa sababu likifika la kumi na moja limepanda bei. Krismasi ikifika, masanduku yamejaa hadi kwenye mapaa ya banda, na yeye mwenyewe anakula chakula cha mchana amekalia ndoo nje. Januari, wiki mbili, yamekwisha yote. Hilo lilikuwa ghala lake, na lilikuwa ghala zuri.

Halafu ukaja mwaka 2025.

Nawauliza wazazi mlio hapa. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza darasa la nane, ulifanywa mwaka gani? 2023. Darasa lile likaingia kidato cha kwanza Januari 2024. Sasa niambieni, Januari 2025 nani aliingia kidato cha kwanza?

Hakuna! Watoto wa mtaala mpya walikuwa wanaingia gredi ya 9, wengi wao palepale karibu na nyumbani. Mwaka mzima bila sanduku. Fundi akamaliza akiba, akawaachilia vijana mmoja mmoja. Mmoja akapata pikipiki ya boda. Wawili wakarudi kwao Murang'a. Mmoja sijui aliko. Na yule bora kabisa, anayejua kukunja pembe bila kulipasua bati, akaenda kuchanganya saruji Kitengela.

Desemba 2025 simu zikaanza kulia. Gredi ya 10 inaingia Januari, na watoto wa bweni wanataka masanduku. Mimi mwenyewe nilimpigia kwa ajili ya mpwa wangu. Akaniambia hivi, na maneno yake nimeyaandika nyuma ya risiti: "Mzee, bati ninalo. Nyundo ninazo. Mikono ndiyo sina."

Alichukua vijana wapya. Nilikwenda nikawaona. Mmoja aliinua nyundo kama anayeua nyoka. Chini palikuwa na rundo la mabati yaliyopasuka pembeni, hasara tupu, na mpwa wangu alifika shule na sanduku ambalo mfuniko wake haukutani na komeo.

Mikono ndiyo sina. Shikeni maneno hayo, tuvuke bahari.

Wamarekani wana kombora dogo la begani la kuangushia ndege, linaitwa Stinger. Vita vya Ukraine vilipozuka Februari 2022 walituma mengi kule, kisha wakageuka kutazama rafu zao. Mkuu wa kampuni ya Raytheon akasema hadharani kwamba Wizara ya Ulinzi ilikuwa haijaagiza Stinger kwa takriban miaka 18, na kwamba vipuri vingine havitengenezwi tena popote. Ilibidi waiite mikono iliyostaafu. Wazee wa miaka sabini na ushei walirudishwa kiwandani kuwafundisha vijana jinsi kombora lile linavyounganishwa. Hebu fikirini: nchi tajiri kuliko zote duniani, na elimu ya silaha yake imekaa kichwani mwa babu anayemwagilia maua.

Chukueni na kombora la mzinga la milimita 155. Hilo halina uchawi. Ni chuma, baruti na kiwashio. Chuma chake hufuliwa Scranton, Pennsylvania, katika majengo ambayo zamani yalikuwa karakana ya garimoshi. Kipande cha chuma kinatiwa tanuruni hadi kiwe chekundu, kinashindiliwa kirefuke, kinachongwa, kinabanwa pua. Kisha kinasafirishwa hadi Iowa kujazwa baruti. Vita vilipoanza Wamarekani walikuwa wakitengeneza karibu 14,000 kwa mwezi. Wakasema tutafika 100,000. Pesa zikatengwa, mabilioni ya dola. Ilipofika 2025, walikuwa kama 40,000.

Ulaya nao waliahidi Machi 2023 kuipatia Ukraine makombora milioni moja katika miezi 12. Machi 2024 ikafika, na walichopeleka ni kama nusu.

Je, walikosa pesa? Hawakukosa. Walikosa nia? Sidhani. Walikosa kile alichokosa fundi wa Kamukunji.

Na walikosa vitu ambavyo mtu hawezi kuvidhania. Nani anajua risasi inahitaji pamba? Naona mkono mmoja tu. Baruti inayoisukuma risasi itoke kwenye mtutu hutengenezwa kwa nitroselulosi, na nitroselulosi hutokana na nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu za pamba baada ya kuchambuliwa. Ulaya hununua sehemu kubwa ya nyuzi hizo kutoka China. TNT, ile baruti ya kulipua inayojazwa ndani ya kombora, Wamarekani waliacha kuitengeneza kwao tangu miaka ya 1980, wakawa wananunua nje, Poland ikiwa mmoja wa wauzaji wakubwa. Ni Novemba 2024 tu waliposaini mkataba wa dola milioni 435 kujenga kiwanda cha TNT Kentucky. Na Norway, mwaka 2023, mkuu wa kampuni ya Nammo alilalamika kwamba hawezi kupanua kiwanda chake cha makombora kwa sababu umeme wa ziada wa eneo lile umechukuliwa na kituo cha data cha TikTok. Mnacheka! Sisi stima hukatika bila hata TikTok.

Mambo haya si mageni. Machi 1915 Waingereza walishambulia Neuve Chapelle kule Ufaransa, na mizinga yao ikaanza kukaukiwa. Mei gazeti la Times likaanika kwamba makombora hayatoshi. Mwezi haukwisha, serikali ya Waziri Mkuu Asquith ikalazimika kuingiza wapinzani ndani, na Lloyd George akapewa wizara mpya ya zana za vita. Yaani serikali ilitikisika kwa sababu ya ghala. Vita vilipokwisha wakafunga viwanda. Na vita vya pili vilipokaribia wakaanza upya.

Sasa mwenye kiwanda. Tunapenda kumlaumu: mroho huyu, anangoja damu imwagike ndipo apandishe bei. Waroho wapo, siwakatai. Lakini kaeni kwenye kiti chake dakika moja. Unaambiwa ongeza mtambo. Mtambo ni miaka miwili kuufikisha na kuufunga. Fundi wa kuuendesha ni mwaka mwingine kumfunza. Benki inakuuliza, nani atanunua? Unasema, serikali. Benki inauliza, kwa muda gani? Unasema, hadi tarehe 30 Juni, kisha bajeti mpya. Meneja wa benki anafunga faili taratibu, anakuuliza kama utakunywa chai.

Mtu wa namna hiyo hahitaji hotuba ya uzalendo. Anahitaji arubuni.

Wajerumani walielewa, ingawa wamechelewa. Juni 2024 waliipa kampuni ya Rheinmetall mkataba wa mfumo, yaani wa kuagiza kwa awamu, wa hadi euro bilioni 8.5, kwa makombora ya milimita 155. Kiwanda kipya cha Unterlüß kilichimbwa msingi Februari 2024 na kikafunguliwa Agosti 2025. Mwaka na nusu! Wamarekani nao, Januari 2026, walitangaza makubaliano ya miaka saba na Lockheed Martin, ili makombora ya kinga ya PAC-3, ya kuangusha makombora ya adui, yapande kutoka kama 600 kwa mwaka hadi 2,000. Miaka saba. Hiyo ndiyo lugha ambayo meneja wa benki anaielewa.

Vijana wa vyuo, andikeni hapa. Mkataba mzuri wa namna hii una kima cha chini: serikali itachukua idadi fulani kila mwaka, iwe vita, iwe amani. Una malipo ya mapema kwa vile vipuri vinavyokawia. Bei yake inafuata bei ya chuma na ya baruti, haikufungwa kama jiwe. Serikali ikivunja, inalipa fidia. Kampuni ikichelewa, inakatwa. Na mnunuzi ana haki ya kufungua vitabu vya gharama vya muuzaji. Hilo la mwisho wauzaji hulichukia, na ndiyo maana msilisahau. Kuna pia mtindo wa Scranton: majengo ni ya jeshi, waendeshaji ni General Dynamics. Kampuni ikiondoka, tanuru linabaki.

Nimesikia mtu ameguna pale katikati. Namsikia anachosema moyoni: mkataba wa miaka mingi, wa usalama, wa siri, na malipo ya mapema? Wimbo huo tumewahi kuuchezea.

Ni kweli. Tuutaje kwa jina. Kashfa ya Anglo Leasing. Mikataba 18 ya mambo ya usalama, thamani yake zaidi ya shilingi bilioni 50, na waliolipwa wengine walikuwa majina ya karatasi tu. Mei 2014, miaka kumi baada ya kelele, tulilipa tena takriban bilioni 1.4 kwa sababu ya hukumu za ng'ambo, ili tupate kuuza dhamana ya Eurobond, yaani kukopa kwenye masoko ya nje. Kwa hiyo mtu akiguna, ana haki ya kuguna.

Lakini hebu tutenganishe. Idadi ya risasi zilizo ghalani ni siri, nakubali, adui asijue. Mahali lilipo ghala ni siri. Jina la mwenye kampuni ni siri ya nini? Bei ya sanduku moja ni siri ya nani? Kampuni kama ina kiwanda au ina sanduku la posta tu, hilo adui litamfaa nini? Siri ilitumiwa kumficha mwizi, haikutumiwa kuficha silaha. Na Katiba ya 2010 haikumwambia Mkaguzi Mkuu wa Hesabu auruke mlango wa ulinzi.

Arubuni hupewa mtu unayejua karakana yake iko wapi. Mimi fundi wa Kamukunji namjua banda, namjua mke, nimewaona vijana wake wakipiga nyundo. Kumpa mtu wa simu ambaye hujawahi kuiona nyundo yake, hiyo si arubuni, ni sadaka.

Na ukweli una upande wa pili, ndugu zangu, upande ambao sisi tuliokaa ndani ya serikali hatupendi kuutaja. Serikali nayo hailipi. Mwaka 2023 iliundwa kamati ya kuchambua madai ya wazabuni ya tangu 2005 hadi 2022. Miaka kumi na saba ya ankara! Kuna mama mmoja namfahamu, aliuzia ofisi moja ya umma turubai za kufunikia mizigo. Bidhaa ilipokelewa, karatasi zikatiwa sahihi, moja ya sahihi hizo ikiwa yangu. Akalipwa mwaka wa sita. Benki ilikuwa imeshauza lori lake. Siku alipolipwa alikuja ofisini na keki, kutushukuru. Keki ile sikuweza kuila.

Mtu kama huyo ukimwambia leo, mama, ingia nasi ubia wa miaka kumi wa zana za ulinzi, atakuelewaje? Atakuona mwendawazimu.

Afrika Kusini walikuwa na viwanda vya silaha ambavyo bara zima liliviheshimu. Walitengeneza mzinga wa G5, ukapigana mbali na kwao, na baadaye kampuni ya serikali ya Denel ikairithi kazi hiyo. Oda zikapungua, uongozi ukaoza, na ilipofika 2020 na 2021 mishahara ikawa haitoki kamili. Wahandisi wakaondoka. Mhandisi akishahama harudishwi kwa barua.

Sasa niseme habari ya ghala lenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu hufa.

Wengi hudhani risasi ni kama mawe, ukiyaweka yanakaa. Baruti inaoza, wazee. Nitroselulosi hujivunja yenyewe polepole, na hutiwa dawa ya kuituliza. Dawa ile ikiisha, inapata joto, na siku moja inajiwasha. Kwenye jua letu, chini ya paa la mabati, inakwenda haraka zaidi. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wanayajua haya. Maghala ya jeshi yalilipuka Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009. Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011, makombora yakiruka usiku juu ya nyumba za watu, uwanja wa ndege ukafungwa, watoto wakapotezana na wazazi gizani. Brazzaville, Machi 2012, karibu watu 300 walikufa. Hakuna adui aliyefika katika miji hiyo. Walichokuwa nacho ni ghala.

Hili linaingiaje kwenye habari ya mkataba? Linaingia hivi. Ukinunua yote mwaka mmoja, yatazeeka yote mwaka mmoja. Serikali inayokaa miaka kumi bila kununua, halafu inaogopa, inanunua meli nzima, imejizalia watoto mapacha elfu kumi watakaougua siku moja. Lakini kiwanda kikikuletea kidogo kila mwaka, la zamani linakwenda uwanja wa mazoezi, jipya linakaa mahali pake. Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Na muuzaji wa miaka mingi unaweza kumfunga kwa mkataba apime baruti yako kila mwaka na achukue iliyochoka. Muuzaji wa meli moja utampata wapi? Ameshabadilisha namba ya simu.

Na sisi, Kenya? Tuna kiwanda cha risasi Eldoret tangu miaka ya 1990, kwa mitambo ya Wabelgiji wa FN Herstal. Tuna karakana ya bunduki Ruiru iliyofunguliwa Aprili 2021, iliyotangazwa kuwa na uwezo wa bunduki 12,000 kwa mwaka. Kuna vijana huniuliza, mzee, lini tutatengeneza makombora ya 155? Nami nawajibu: ya nini? Askari wetu tangu avuke kwenda Somalia Oktoba 2011, kitu anachokimaliza kila siku ni risasi ya bunduki. Hiyo ndiyo tuihakikishe. Kwamba shaba yake haikwami bandarini Mombasa. Kwamba baruti yake ina wauzaji wawili, si mmoja. Kwamba fundi wa Eldoret anajua mwaka wa tatu atakuwa bado anafanya nini.

Na tazameni jirani. Watanzania wana shirika la Mzinga, la kutengeneza risasi, kule Morogoro. Waganda wana kiwanda chao cha Luwero Industries, Nakasongola. Nchi tatu za jumuiya moja, kila moja inapika chapati zake na kuzila peke yake, kisha sote tunalalamika kwamba jiko ni ghali. Kwa nini mmoja asishike risasi za aina hii, mwingine za aina ile, tukaandikiana ahadi ya miaka saba? Najua jibu. Hatuaminiani. Basi tuanze na sanduku moja, tuone nani atakula arubuni ya mwenzake.

Namaliza, mwenyekiti, naona saa unavyoitazama.

Fundi wangu nimemwalika, yuko pale mlangoni, amevaa kofia ya bluu. Fundi, inua mkono watu wakuone. Mwezi uliopita wazazi wa mtaa wetu wa South B tulikaa, tukamwandikia karatasi: masanduku sitini kila Januari, kwa miaka mitatu, na theluthi ya pesa mkononi kila mwezi wa tisa. Karatasi akaisoma mara mbili. Akauliza, "Na msipokuja?" Tukamwambia, arubuni ni yako, na masanduku uza.

Leo asubuhi, kabla sijapanda hapa, amenivuta kando. Yule kijana wa Kitengela anarudi Jumatatu.

Maswali. Tuanze na yule mama mwenye kitambaa cha kijani.